Kati ya "teenager", "youth" na "minor": kijana aitweje kwa Kiingereza?

Mtu wa Lubumbashi anayejifunza Kiingereza huwa anatokea kwenye Kifaransa. Ndicho alichosomea shuleni, ndicho anachoandikia kazini, basi akifika kwenye Kiingereza hubeba maneno ya kule mazima mazima. Mara nyingi anaeleweka. Kwenye majina ya vijana ndipo anapokwama, kwa sababu maneno yanafanana kwa sura lakini hayatumiki mahali pamoja.

"Adolescent" kwa Kifaransa ni neno la kila siku. Hata wenyewe hulikata wakasema "ado". Kwa Kiingereza limevaa koti la daktari. Utalikuta kwenye ripoti za afya, tena likiwa na mipaka: Shirika la Afya Duniani huhesabu miaka 10 hadi 19. Mama wa London akimlalamikia mwanawe anayekataa kuosha vyombo atasema "my teenager". Hilo linafuata namba: hesabu za Kiingereza kuanzia 13 hadi 19 huishia na "teen", kwa hiyo mtoto wa miaka 12 hajaingia, hata akimpita baba yake kwa kimo. "Kid" ni la mdomoni, nyumbani na kwa marafiki. Kwenye ripoti liache.

"Juvenile" ni la kuogopa. Kifaransa kinaweza kulitumia kwa tabasamu la kijana, lakini Kiingereza kikimwita mtu hivyo, msomaji anawaza polisi na mahakama ya watoto. Andika kwamba shirika lenu linafundisha "juveniles" kushona nguo, na mfadhili atadhani cherehani ziko gerezani.

"Minor" ni la kisheria: mtu ambaye hajafikia utu uzima. Kwetu Kongo, Katiba ya 2006 na sheria ya 2009 ya kumlinda mtoto zinaweka mpaka kwenye miaka 18. Lakini huku kwenye shaba na kobalti neno hili lina mtego wake. "Mineur" ya Kifaransa ni mtoto wa kisheria, na ni mchimbaji wa mgodini vilevile. Kiingereza kimewatenganisha kwa herufi moja tu, "minor" na "miner", na ukiyatamka hayana tofauti. Sasa itoke habari Kolwezi: "Trois mineurs sont morts dans le puits." Ni watoto watatu waliofia shimoni, au ni wachimbaji watatu? Huenda ni yote mawili. Mfasiri asiyeuliza anaweza kuzua kashfa isiyokuwepo, au kuificha iliyopo, maana Mkataba namba 182 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1999, unaiweka kazi ya hatari kwa aliye chini ya miaka 18 miongoni mwa aina mbaya kabisa za kazi za watoto. Ikijulikana ni watoto, mimi naona ni heri kuandika "children" waziwazi, na umri ukijulikana uandikwe pembeni.

Ila "child" nalo, kwenye karatasi za haki za watoto, hufika mpaka siku ya kutimiza miaka 18. Kijana wa miaka 17 mwenye ndevu ni "child" kwa mwanasheria. Mwite hivyo mbele ya wenzake uone.

Limebaki "youth", lenye sura nyingi kuliko yote. Laweza kuwa ujana wenyewe, au vijana kwa jumla, kama katika hotuba: "the youth of Katanga". Likiwa la mtu mmoja, "a youth", karibu kila mara ni mvulana, na gazetini mara nyingi ana kesi. Likiongezwa "s" linanusa fujo za barabarani. Ukitaka usalama, sema "young people": linabeba wasichana na wavulana bila kumshuku yeyote.

Umri wa "youth" ndio haukubaliwi na wote. Umoja wa Mataifa, kwa takwimu zake, huhesabu miaka 15 hadi 24. Azimio 2250 la Baraza la Usalama, la mwaka 2015, linasema 18 hadi 29. Mkataba wa Vijana wa Afrika wa 2006 unafika 35. (Vyama vyetu vya siasa havina kikomo, ligi ya vijana ina wenye mvi.) Kwa hiyo fomu ya mfadhili ikisema "youth" tu bila kutaja miaka, mwulize kabla hujaanza kuandikisha majina.