Usalama wa kisaikolojia katika timu ya matibabu ni nini?

Ni hali ya wanatimu kuamini kwamba anayeuliza, anayepinga au anayekiri kosa hatadhalilishwa wala kuadhibiwa kwa sababu amesema.

Chukua wodi ya wazazi hapa Dodoma, usiku. Mama ameletwa kwa rufaa kutoka Mpwapwa akiwa na kifafa cha mimba, anachomwa magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege. Kabla ya kila dozi muuguzi hukagua: pumzi zisipungue 16 kwa dakika, goti lishtuke likigongwa, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Sasa pumzi ni 12, goti limetulia tuli, na daktari ameagiza dozi ichomwe. Dawa hii ikizidi mwilini huweza kukata pumzi, na muuguzi anajua. Lakini kama juzi mwenzake aliuliza akajibiwa mbele ya wagonjwa, "Nani daktari hapa?", huenda akachoma na kunyamaza. Ujuzi anao, kilichomfunga mdomo ni woga.

Wapo wanaodhani kusema ni kukosa adabu. Si kweli. "Shikamoo dokta. Pumzi ni 12, goti halishtuki. Naomba tusitishe dozi, niandae kalsiamu glukoneti ya kuipinga dawa hii." Hapo heshima imepungua wapi? Wala dhana hii haimkingi mzembe: anayekuja zamu amelewa atawajibishwa vilevile.

Amy Edmondson wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyeitangaza dhana hii kwa makala yake ya 1999, alikuwa amechunguza makosa ya dawa hospitalini akitarajia timu nzuri ziwe na makosa machache. Alikuta timu hizo ndizo zilizoripoti mengi, na maelezo yake ni kwamba hazikuyaficha. Kwa hiyo daftari tupu la matukio lisimfurahishe msimamizi wa wodi.

Hata orodha ya ukaguzi wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyojaribiwa katika hospitali 8 duniani, Ifakara ikiwemo, humtaka kila mmoja ajitambulishe kwa jina na kazi yake kabla mgonjwa hajapasuliwa. Aliyekwisha kutoa sauti mara moja hupata wepesi wa kuitoa tena.

Kazi kubwa zaidi, kwa maoni yangu, iko kwa mkubwa wa zamu, hasa pale hofu ya mdogo inapokuwa haina msingi. Daktari bingwa akiamshwa saa nane usiku, akaja akakuta mgonjwa hana tatizo, amwambie intani (daktari aliye mafunzoni) aliyemwita, "Umefanya vizuri kuniita," kisha wampime mgonjwa pamoja.