Je, vyakula vibichi huzuia ngozi kulegea?

Baadhi ya watu huamini kwamba anayepunguza uzito kwa kula vyakula vibichi pekee halegei ngozi, kwa kuwa vyakula hivyo huikaza. Lakini ngozi haijui mafuta yamepunguzwa na mlo gani. Kinachoirudisha ngozi mahali pake ni nyuzi za kolajeni na elastini (protini zinazoipa uimara na uwezo wa kunyumbuka), nazo hudhoofika kwa umri, jua kali, sigara na miaka mingi ya kutanuka. Aliyepunguza kilo 5 huenda asione tofauti. Aliyepunguza 50 mara nyingi hubaki na mikunjo, awe alipika au hakupika. (Matunda na mboga vina faida zake, hilo halina ubishi.) Ukioneshwa picha za kabla na baada, tazama mwanga, mkao na nguo. Kisha uliza: ana umri gani, na alipunguza kilo ngapi?