Utamu wa ibada ukikauka, ndo unajua ulikuwa unamtafuta nani

Nina miaka 11 nafundisha darsa ya tazkia, yaani kuisafisha nafsi, kwa kina mama hapa Mikindani, Mtwara, na swali ninaloletewa kuliko yote sio la twahara wala la hedhi, ni hili: mwalimu, mbona zamani nikisujudu machozi yanatoka yenyewe na sasa hivi naswali kama nasukuma mkokoteni? Mama mmoja aliniuliza hivyo hivyo tumesimama mlangoni tunavaa ndala. Nikamuuliza mama, tahajudi, ile swala ya usiku wa manane, ulianza lini. Akasema msimu wa 2018/19.

Nani wa kusini asiyeukumbuka msimu ule, korosho zipo ghalani, bei imeleta mtafaruku mpaka serikali ikasema inanunua yenyewe kwa 3,300 kilo, hela nazo zikachelewa, na yeye ana mtoto anadaiwa ada, basi akawa anaamka saa 9 usiku analia mpaka mkeka unalowa. Hela ikaja. Akaendelea kuamka maana alishazoea, ila utamu ukakata kidogo kidogo mpaka ukaisha kabisa.

Sikumwambia kwamba alikosea kuomba hela. Nabii Zakaria aliomba mtoto, na Qur'ani yenyewe inawasifu wanaomuomba Mola wao kwa hofu na tumaini, kwa hiyo haja sio dhambi, haja ndo inatusukuma wengi mpaka mlangoni. Shida inakuja ukishapewa halafu ukakuta huna tena cha kumfuatia mwenye mlango. Surat al-Ankabut aya ya 65 inawataja watu wakiwa jahazini wanamuomba Allah peke yake kwa ikhlasi, nia safi kabisa, akiwafikisha nchi kavu wanamshirikisha. Mi nikiisoma nakumbuka tulivyokuwa tunavuka kwa boti kwenda Msangamkuu, upepo ukipiga katikati ya maji boti nzima inakuwa dhikri tupu, ikigusa mchanga tu watu washaanza kugombania mizigo.

Na hapa ndo watu wengi wanakosea, wanadhani ule ukavu ni adhabu. Kwa nilivyowaona wanafunzi wangu mara nyingi ni kusafishwa. Bibi yangu alikuwa anakaanga korosho uani kwenye bati lililotobolewa matundu, mafuta ya ganda yanachuruzika motoni, moto unaruka juu, moshi unakaba, kisha anazimwaga chini anazifukia na mchanga zipoe ndo tubangue, na ukilishika ganda bichi yale mafuta yanakubabua vidole ngozi inatoka. Sasa ganda ndo liliilinda korosho ikiwa juu ya mti, usilidharau, ila halili mtu. Zile haja zetu na ile raha ya machozi naona ndo ganda letu, vimekulea mpaka ukakomaa, kuna siku vinaunguzwa uonekane ndani kuna nini.

Imamu Ghazali, yule mwanachuoni mkubwa wa zamani, yalimkuta makubwa kuliko yetu. Alikuwa mwalimu wa wanafunzi 300 Baghdad, jina limeenea kila mahali, akaikagua nia yake ya kufundisha akaona haikuwa kwa ajili ya Allah, kilichokuwa kinamsukuma ni cheo na sifa. Karibu miezi 6 leo anaamua kuondoka kesho anaghairi, mpaka ulimi ukafunga hawezi kusomesha na chakula hakishuki, matabibu wakakata tamaa. Mwaka 1095 akaacha vyote akaondoka. Kwenye darsa watu wanaishia hapo, mi naomba tuendelee, maana mwaka 1106 alirudi kufundisha, kazi ile ile, nia nyingine.

Kwa hiyo dada yangu ukigundua nia yako ina doa usiache ibada. Fudhayl bin Iyadh, mcha Mungu wa zamani, alisema kuacha amali kwa ajili ya watu nako ni riya, yaani kujionyesha. Nalisema hili kwa uchungu kabisa maana kuna wanafunzi nimewapoteza hivyo, wamejiona wanafiki wakakaa nyumbani, na shetani hajawahi kupata faida rahisi kama hiyo.

Mi mwenyewe kuna Ramadhani nilikuwa naongoza dua ya kina mama, sauti ikanikatika kwa kilio, na katikati ya kile kilio nikajisikia nasikiliza kama na wao wanalia. Usiku ule sikulala. Tangu hapo najihesabu mara tatu, kabla ya kuanza, katikati, na baada, na ya baada ndo inauma, yani nikimaliza na hakuna aliyenisifu, moyo unasemaje? Na sehemu nyingine ya kuchungulia ni dua iliyokataliwa, ukinyimwa unanuna siku ngapi? Surat al-Hajj aya ya 11 inamuelezea anayemuabudu Allah pembezoni, akipata heri anatulia, akipata mtihani anageuza uso.

Yule mama nilimpa kazi moja tu, wiki nzima aamke saa 9 ile ile, rakaa mbili, na kwenye sijda asiombe kitu chochote, aseme tu subhana rabbiyal a'la atulie. Alirudi Alhamisi akaniambia mwalimu, siku tatu za mwanzo nilikuwa naona aibu, kama nimeenda nyumba ya watu sina la kusema. Nikamuuliza na ya nne?

Akasema ya nne nilisahau kwamba sina la kusema, nikashtukia adhana ya alfajiri.