Joto Kali si Kipimo cha Mwanga: Ufafanuzi kwa Watumiaji wa Sola Tabora na Kigoma

Kila mvua za msimu zinapoanza, ofisi yetu ya hali ya hewa hupokea malalamiko kwamba sola zilizonunuliwa wakati wa kiangazi "zimekufa". Nyingi kati ya hizo ni nzima. Kilichopungua ni mwanga.

Mikoa hii haina vuli na masika kama pwani, jambo ambalo tumelieleza mara nyingi. Ina msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili, kisha kiangazi. Kwa kuwa ipo takribani nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, urefu wa mchana hubadilika kwa muda unaokaribia nusu saa tu mwaka mzima, na jua hupita utosini mara mbili, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Kinachopunguza mwanga, basi, ni mawingu, wala si jua "kwenda mbali": dunia hulikaribia jua zaidi mwanzoni mwa Januari, wakati anga ya Tabora imetanda wingu.

Saa za jua, yaani muda ambao jua huwaka bila kufunikwa na wingu, hupimwa kwa tufe la kioo linalokusanya miale na kuunguza mstari kwenye karatasi maalumu. Karatasi ya Juni huungua mfululizo. Ya Januari hubaki na alama zilizokatika-katika. Hubadilishwa kila siku jua likishazama, hata ikiwa haina alama, kwani karatasi tupu nayo ni kumbukumbu. Wenye vituo binafsi vya hali ya hewa wakumbuke kuwa Sheria ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania Na. 2 ya mwaka 2019 inataka visajiliwe, na kwamba utabiri kwa umma hautolewi na kila mwenye simu.

Kigoma, kwa kuwa ipo magharibi kabisa mwa nchi, jua hufika juu kabisa karibu saa saba mchana, si saa sita. Waanika dagaa wanalijua hilo kuliko mafundi wengi.

Kuhusu joto, paneli hupoteza takribani asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzijoto moja ambayo joto la paneli yenyewe linapita nyuzi 25, hivyo kwa mwanga uleule, Juni yenye baridi huipita Oktoba. Fundi akokotoe mahitaji kwa mwanga wa Januari. Paneli zielekee kaskazini lakini zisiinamishwe sana, kwa sababu kati ya Oktoba na Machi jua la adhuhuri huwa upande wa kusini, na ndicho kipindi chenye mawingu mengi.

Anayehitaji takwimu za saa za jua aandike barua ikitaja mahali, miezi na matumizi. Isiyotaja mahali hurudishwa.