Miezi Minane Kwenye Fomu

Yai la mbu wa malaria likitagwa leo, mbu mzima ataruka baada ya siku kumi hadi kumi na nne, chumba kikiwa na joto la nyuzi 27 hivi. Jaribio la kupima kama dawa bado inawaua linataka majike mia wa umri wa siku tatu hadi tano, wasiowahi kunyonya damu, na wengine hamsini hivi wa kulinganishia wasioguswa na dawa. Wote hao wawe tayari asubuhi moja. Unawatia katika mirija yenye karatasi zilizopakwa dawa, wanakaa saa moja, unawahamisha, unawapa maji ya sukari, kisha baada ya saa 24 unahesabu waliokufa.

Nimeanza na hesabu hii kwa sababu jamaa zetu wengi hudhani shahada ya uzamifu, yaani PhD, ni kusoma vitabu mpaka viishe. Sisi wa wadudu tunalea. Viluwiluwi wasipolishwa siku mbili, wakubwa huanza kuwala wadogo, na waliobaki hukua kwa kuchelewa na kutoka mbu dhaifu wasiotaga vizuri. Njaa ya siku mbili unaijua wiki tatu baadaye, unapofungua kizimba ukakuta majike ishirini pahali pa mia na hamsini. Mwenye duka akifunga wiki moja, amepoteza wiki moja. Mtafiti akifunga wiki moja, huenda amepoteza msimu mzima, na msimu kwetu hurudi baada ya mwaka.

Mimi nilijifunza hayo Kisumu, nikifanya uzamili. Nilitoka Mombasa kwenda huko kwa sababu ndiko mbu walikokuwa, na ndiko kilikotoka kizazi cha mbu kiitwacho Kisumu, ambacho maabara duniani hukitumia kama kipimo cha mbu asiye na usugu wa dawa. Uchaguzi mkuu wa Kenya ulifanyika tarehe 27 Desemba 2007, matokeo yakatangazwa tarehe 30. Jioni ile ile moshi ulionekana mjini.

Walioishi miezi ile ya ghasia za baada ya uchaguzi hawahitaji kusimuliwa, na wasioiishi nitawapa yale tu yaliyogusa chumba cha mbu. Barabara ya Nairobi ilifungwa, petroli ikaadimika, na kadi ya simu ya shilingi mia ikauzwa kwa bei aliyoitaka mwenye nayo. Jenereta yetu ilikuwa na mafuta ya siku tatu. Umeme ulipokatika chumba kilipoa usiku, viluwiluwi wakadumaa. Chakula chao, kile cha samaki wa mapambo kinachosagwa unga, kiliisha wiki ya pili ya Januari. Aliyekuwa akitunza sungura wa kuwalisha mbu damu alihama na familia yake kwenda asikokujua mtu. Nilikuwa mgeni pale, jina langu na lafudhi yangu vikinitangaza kabla sijauliza njia, ingawa lazima niseme kuwa jirani zangu walinilinda kama mtoto wao. Mama wa nyumba ya pili alikuwa akiniletea ugali kila jioni na kuniambia nisitoke.

Katikati ya Januari babangu alifariki. Alikuwa mgonjwa wa figo kwa muda mrefu, na nusu ya posho yangu ya utafiti nilikuwa nikiituma nyumbani kwa M-Pesa, huduma iliyokuwa haijatimiza hata mwaka. Kwetu maiti hailali. Alifariki alfajiri, akazikwa alasiri, nami niko Kisumu nimekaa sakafuni mbele ya makarai ya viluwiluwi, simu imebaki na shilingi kumi na mbili. Nilifika Mombasa mwezi Machi, mkataba wa amani wa tarehe 28 Februari umeshatiwa saini, arobaini imeshasomwa. Mamangu alinishika mikono akaniuliza kama nimekula.

Niliporudi, mbu wote walikuwa wamekufa. Kuanzisha kizazi kipya huchukua miezi, kwa sababu mbu wa porini hataki kujamiiana ndani ya kizimba kidogo wala kula kwa ratiba yako. Masika ya Machi hadi Mei, msimu niliokuwa nimeutegea mwaka mzima, yaliisha nikiwa bado natafuta fedha za karatasi za dawa. Ripoti yangu ya maendeleo ilikuwa na nafasi ya mistari miwili ya kueleza sababu za kuchelewa. Niliandika: "Hali ya nchi na msiba." Ikarudi na neno moja: hairidhishi. Kwa miezi minane ile ya kuchelewa, kwenye fomu nilikuwa mwanafunzi mzembe, na kibaya zaidi ni kwamba niliamini. Nilijiambia mtu hodari angepata njia.

Leo mimi ndiye nasimamia wengine, na bado naiona imani ile machoni mwao. Kuna uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 wa watu 2,279 kutoka nchi 26, wengi wao wakiwa wanafunzi wa uzamifu. Asilimia 41 walionyesha dalili za wasiwasi mkubwa au wa kadiri, na asilimia 39 dalili za sonona. Walijibu wenyewe kwa hiari, kwa hiyo huenda waliolemewa ndio waliojitokeza zaidi. Lakini kwangu zile ni sura ninazozijua.

Mwanafunzi wangu mmoja alipotea wiki mbili baada ya tarehe 25 Juni 2024, siku vijana walipoingia Bungeni kuupinga Mswada wa Fedha. Mdogo wake alikuwa hajulikani alipo. Alizunguka hospitali na vyumba vya kuhifadhia maiti Nairobi, na kijana akapatikana hai siku ya nne. Aliporudi maabara, neno la kwanza alilolitamka lilikuwa, "Samahani Mwalimu, nimechelewesha data." Nilishindwa kumjibu mara moja. Nilimwambia aketi, nikamchemshia chai.

Kisha ikaja Januari 2025. Tarehe 20 Rais wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na katika misaada hiyo ulikuwamo mpango wao wa malaria, ambao ndio uliokuwa ukinunua vyandarua, ukigharimia upuliziaji wa dawa majumbani na kufuatilia mbu katika nchi nyingi za Afrika. Watu hufikiri pigo kama hilo humwangukia mgonjwa na muuguzi tu. Humwangukia pia mwanafunzi aliyekuwa akipanda gari la mradi kwenda vijijini kuchota viluwiluwi kwa kata ya kuchotea maji. Gari limesimama, masika hayasimami.

Septemba mwaka huo huo wahadhiri wa vyuo vya umma tuligoma, tukidai shilingi bilioni 7.9 za makubaliano ya mishahara. Mgomo ulikwisha mwanzoni mwa Novemba, baada ya siku 49. Niligoma na ningegoma tena, kwa sababu mwalimu asiyelipwa haki yake hawezi kudumu kufundisha. Lakini sura mbili za tasnifu ya mwanafunzi zilikuwa mezani kwangu siku zote zile, bila kusomwa, na kibali chake cha utafiti kilikuwa kikielekea kuisha. Haki yangu ilimgharimu yeye. Sijapata njia ya kulisema hilo likawa jepesi.

Ninachoweza kubadilisha ni namna ninavyoupanga utafiti tangu mwanzo, na hapa nataka wasimamizi wenzangu wanisikilize. Tunawapa wanafunzi mipango iliyojengwa juu ya nchi isiyotikisika: umeme upo, barabara ziko wazi, fedha zinaingia, mzazi ni mzima. Sikubali tena pendekezo la utafiti ambalo sura zake zote zinategemea mbu hai. Sura moja lazima isimame juu ya vielelezo vilivyokaushwa. Mbu ukimtia katika kichupa chenye chembe za silika (silica gel) za kufyonza unyevu, hahitaji umeme. Atakaa miezi na zaidi, na DNA yake bado itakuambia ni spishi gani na kama amebeba mabadiliko ya usugu. RNA, ile nakala ya maagizo ya DNA inayoharibika upesi, ni kisa kingine, hiyo inataka baridi kali, ndiyo maana siiruhusu iwe nguzo ya kazi ya mtu asiye na jenereta ya kuaminika. Kizazi cha mbu tunakilea mahali pawili, hata ikiwa pa pili ni chumba cha rafiki katika kaunti nyingine. Daftari la maabara linapigwa picha kila Ijumaa na kutumwa kwa watu wawili.

Na ukipata msiba, ukiuguliwa, ukipotelewa na mtu, omba kuahirisha masomo rasmi, kwa barua, wiki hiyo hiyo. Wengi husubiri wakitumaini watafidia, na muda unaendelea kuhesabiwa juu yao. Barua ya ruhusa husimamisha saa. Huzuni isiyoandikwa haiisimamishi. Umuulize pia anayekulipa posho kama itaendelea ukiwa likizoni, maana mara nyingi haiendelei, na hilo ni bora ulijue kabla hujatia saini.

Kwenye ripoti za wanafunzi wangu siku hizi naambatisha karatasi yangu mwenyewe, kurasa mbili au tatu. Naandika mvua ilinyesha lini, gari lilisimama lini, vizimba vilibaki na majike wangapi na ingechukua siku ngapi kuwarudisha. Naandika na msiba, nikiruhusiwa. Karatasi ya kwanza ya namna hiyo nilimwandikia yule dada wa Juni 2024. Ilimpatia mwaka mmoja zaidi. Sasa ana vichupa 612 kwenye kabati la mbao ofisini kwangu, kila kimoja kina tarehe na jina la kijiji, na Jumatatu anaanza kuvifungua.