Filamu ya Frankenstein ya 1931: Yanayodhaniwa na Yaliyomo

Filamu ya Frankenstein, iliyotolewa na kampuni ya Universal mwaka 1931 na kuongozwa na James Whale, imeenea kuliko riwaya iliyoizaa. Watu wengi wanaoamini kwamba wanaijua hadithi ya Mary Shelley, iliyochapwa London mwaka 1818 bila jina la mwandishi, wanachokijua ni kile kilichoonyeshwa kwenye skrini, na mara nyingine hata hicho hawakikumbuki sawasawa.

Kosa jepesi kuliko yote ni kudhani kwamba Frankenstein ni jina la zimwi. Ni jina la mtu aliyemuunda kwa viungo vya maiti na kumtia uhai; kiumbe mwenyewe hakupewa jina, si katika kitabu wala katika filamu. Wanaosahihisha kwa kusema kwamba ni jina la daktari nao huteleza, kwani katika riwaya Victor Frankenstein ni kijana wa Geneva anayesoma katika chuo kikuu cha Ingolstadt, naye hufanya kazi yake katika chumba kilicho juu kabisa ya nyumba. Mnara wa mawe, mitambo inayotoa cheche na kitanda kinachopandishwa hadi paani wakati wa radi vyote ni vya filamu. Shelley hasemi uhai ulitiwaje: tunapewa usiku wa Novemba, mvua inayopiga vioo vya dirisha, mshumaa unaokaribia kuisha, basi. Hata hivyo haifai kudai kwamba umeme ni uzushi mtupu wa Hollywood. Victor akiwa kijana hushuhudia radi ikiupasua mti wa mwaloni, na katika utangulizi wa toleo la 1831 mwandishi anataja majaribio ya umeme kuwa miongoni mwa mambo yaliyomfanya awaze kwamba huenda maiti ikarudishiwa uhai.

Igor naye, msaidizi mwenye kibiongo, hayumo katika riwaya, ambamo Victor hufanya kazi peke yake kwa siri. Kinachoshangaza zaidi ni kwamba hayumo hata katika filamu hii. Msaidizi tunayemwona, aliyeigizwa na Dwight Frye, anaitwa Fritz, na jina hilo lilikwishatumika katika mchezo wa jukwaani wa London wa mwaka 1823, ambao Mary Shelley mwenyewe alikwenda kuutazama. Igor, aliyeandikwa Ygor, alikuja katika filamu ya tatu ya mfululizo huo, mwaka 1939, akaigizwa na Bela Lugosi, na alikuwa mtu aliyenyongwa akanusurika.

Dhana yenye madhara zaidi ni ile inayomfanya kiumbe kuwa bubu mwenye akili ya mnyama, aliyezaliwa na uovu. Chanzo chake ni tukio moja: Fritz anatumwa kuiba ubongo uliohifadhiwa katika chupa, anauangusha ule mzima, kisha anauchukua wa mhalifu. Riwaya haina ubongo wa mhalifu. Kiumbe wa Shelley hujifunza lugha kwa kuichungulia familia moja maskini kupitia ufa wa ukuta, husoma vitabu vya waandishi mashuhuri Milton, Plutarch na Goethe, na anapokutana na muumba wake mlimani hujitetea kwa ufasaha unaomshinda Victor mwenyewe. Uovu wake huja baadaye, naye hueleza waziwazi umetoka wapi: kila aliyemwona alimkimbia au alimpiga, akianzia na aliyemuumba. Kwa maoni yangu, kuuweka uovu ndani ya chupa ya maabara ndiko kulikoipunguza hadithi kuliko badiliko jingine lolote, kwa sababu kunamwondolea Frankenstein lawama ambayo riwaya nzima imejengwa juu yake.

Lakini Whale hakuiamini sana chupa hiyo. Tazama tukio la ziwani. Mtoto Maria hamwogopi mgeni. Anamshika mkono, anampa maua, na wote wawili wanayarusha majini ili yaelee. Maua yanapokwisha, kiumbe anamwinua mtoto na kumrusha, akitarajia naye aelee, na anapozama anahangaika kwa hofu. Wakaguzi wa filamu walikata sehemu ya kurushwa, na kwa miongo kadhaa watazamaji wengi waliona tu mikono ikinyooshwa kuelekea kwa mtoto, kisha baba akipita mjini amebeba maiti. Wakabaki kudhani jambo baya zaidi, mpaka kipande hicho kiliporejeshwa katika miaka ya 1980. Katika riwaya mambo ni kinyume: kiumbe anamwokoa msichana aliyetumbukia katika mto wenye mkondo mkali, na ujira wake ni kupigwa risasi na mtu aliyekuwa akifuatana na msichana huyo.

Kuhusu sura hakuna haja ya maneno mengi. Kichwa bapa na vyuma vya shingoni, ambavyo ni vya kupitishia umeme wala si skrubu za kushikilia kichwa, vilibuniwa na mpambaji wa waigizaji Jack Pierce kwa ajili ya Boris Karloff, aliyemwigiza kiumbe, na rangi ya kijani inayopendwa na wauza barakoa haikuweza kuonekana katika filamu isiyo na rangi. Shelley alieleza ngozi ya manjano, nywele nyeusi ndefu na meno meupe.

Wengi husema pia kwamba kiumbe aliuawa na wanakijiji wenye mienge waliokichoma kinu cha upepo. Riwaya huishia baharini kwenye barafu ya kaskazini: Victor anafia melini, na kiumbe anaondoka juu ya bamba la barafu akiahidi kujichoma moto, wala hatumwoni akifa. Hata katika filamu, kinu hakikummaliza. Mwendelezo wa mwaka 1935, ulioongozwa na Whale huyohuyo, unaonyesha kwamba alinusurika katika maji yaliyokuwa chini ya kinu, na ndipo anapoingia katika nyumba ya mzee kipofu, mhusika aliyechukuliwa kutoka katika kitabu, anayemfundisha maneno yake ya kwanza: mkate, divai, rafiki.