Lori lililolala halihitaji betri tu

Wengi huamini kwamba lori la dizeli lililoegeshwa miaka miwili likipata betri mpya, kazi imekwisha. Si kweli, na kuliwasha hivyo ni kuliumiza. Tangi lililoachwa nusu hutoa jasho ndani. Maji hutuama chini ya dizeli, vijidudu vikazaliana hapo na kuacha utelezi mweusi. Fungua nati ya chini ya tangi, kinga kwenye chupa angavu, iache itulie: utaona mstari kati ya maji na mafuta. Hayo maji yakifika kwenye pampu na nozeli zinazonyunyizia dizeli ndani ya injini, ndipo utakapolia. Safisha tangi, badili filta, toa upepo kwenye mfumo wa mafuta, kisha piga stata. Breki zikaguliwe kabla gurudumu halijazunguka. Matairi nayo yasikudanganye kwa kashata (meno ya tairi) nzito; angalia yalitengenezwa lini: 2316 ubavuni ni wiki ya 23, mwaka 2016.